Nyasi za Nygaard Zitakatwa na Nygaard

Dereva wa lori hakutaka kumpa Ardis Nygaard karatasi ya kupokelea mzigo. Aliishikilia kifuani, akachungulia nyuma ya bega la Ardis kuelekea barazani.

"Mwenye nyumba yupo?"

"Unaongea naye."

"Namaanisha mzee. Hii ni mashine ya kukatia nyasi, mama, ile ya kupanda. Imekuja ndani ya kreti. Inatakiwa mtu aifungue, aifungie usukani, kiti, betri. Si kitu cha kuchomeka ukutani kama pasi."

"Mzee yule pale. Anakuona na anakusikia. Lete kalamu."

Orrin Nygaard alikuwa ameketi barazani, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoombwa kumshikia mtu mwingine. Kiharusi kilimpata mwezi Machi. Kilimwachia akili yake yote, mguu mmoja na nusu, na maneno machache yaliyotoka moja moja, kwa kuvutwa. Dereva alimtazama, akamwonea huruma waziwazi, kisha akatoa kalamu.

"Dukani wanaye fundi," alisema akipanda lori. "Dola mia na hamsini, anawafungia kila kitu. Fikirieni."

"Tumeshafikiria," Ardis alijibu. "Endesha taratibu unapotoka. Hapo kuna maua yangu."

Kreti ilibaki katikati ya njia ya gari. Pande zote mbili nyasi zilikuwa zimefika magotini na kuanza kutoa mbegu. Mji wa Elvestad una watu mia tisa, na tangu Mei hakuna hata mmoja aliyepita mbele ya nyumba ile bila kupunguza mwendo.

*

Kurt, mwana wao wa pekee, alifika jioni ile akiwa na fomu. Aliiweka mezani kando ya bakuli la viazi na nyama ya kusaga, akainyoosha kwa kiganja.

"Chumba kimepatikana," alisema. "Kule mji mkubwa, kwenye makazi ya wazee. Ghorofa ya chini, hakuna ngazi. Lakini wanataka jibu Jumamosi saa sita mchana. Nyuma yetu wapo watu kumi na mmoja kwenye orodha."

"'Yetu' sisi nani?" Ardis aliuliza. "Wewe unahamia?"

"Mama, tafadhali. Baba anaendeleaje? Anakula?"

"Muulize. Yuko mbele yako, na uma uko mkononi mwake."

Kurt aligeuka. "BABA, UNAKULA VIZURI?"

Orrin alimeza. "Masikio... mazima," alisema.

Kurt aliona haya, akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye safari ya saa moja na nusu kila simu ya mama yake ilipokosa kupokelewa, na alikuwa amechoka. Alielekeza kidole dirishani.

"Angalieni nje. Basi mniambie nisiseme. Nimepita dukani, nimepita kituo cha mafuta, kote naulizwa: Kurt, wazazi wako wanaweza kweli? Sina la kujibu. Nyasi ni kazi ya Baba, na Baba hawezi tena. Mimi sisemi kwa ubaya."

"Mashine imefika leo."

"Nimeiona. Na bado mmenunua! Nani ataiendesha?"

"Mimi."

Kurt alicheka kabla ya kujizuia. "Mama, hujawahi kukalia hata ile ya zamani."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka arobaini na sita maua na mboga vilikuwa vya Ardis, nyasi zilikuwa za Orrin, na mpaka baina yao ulilindwa kuliko mipaka ya nchi nyingi. Ardis aliichukua fomu, akaisoma yote, akairudisha mezani.

"Sikiliza. Nyasi za Nygaard zitakatwa na Nygaard, kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Zikikatwa, unaondoka na karatasi yako na sitaki kuiona tena. Zisipokatwa, natia saini mwenyewe. Na wewe huhesabiwi. Nazungumzia Nygaard wanaolala humu ndani."

Orrin aligonga sakafu kwa fimbo yake mara mbili.

"Anasemaje?" Kurt aliuliza.

"Anasema ningemuuliza kwanza. Halafu anasema sawa."

Orrin alitikisa kichwa kukubali yote mawili.

*

Jumatano asubuhi Ardis alivunja kreti kwa nyundo na mtaimbo. Orrin alikaa kwenye kiti cha kukunja pembeni, kitabu cha maelekezo kikiwa gotini, fimbo mkononi. Utaratibu wao ulipatikana wenyewe ndani ya robo saa: Ardis alishika spana, Orrin alielekeza kwa fimbo, na fimbo ilipogonga chini mara moja maana yake ilikuwa acha.

Usukani uliingia bila tabu. Kiti kilifungwa kwa bolti nne. Kwenye betri fimbo iligonga kwa nguvu, kwa sababu Ardis alikuwa ameshika waya mweusi.

"Mwekundu... kwanza."

"Ungesema mapema."

"Nasema... sasa."

Walipunguza upepo wa matairi, kwa kuwa kiwandani huyajaza kupita kiasi kwa ajili ya safari. Walitia mafuta ya injini, wakapima, wakaongeza, wakapima tena. Saa sita kasoro mashine iliwaka kwa mara ya kwanza. Ardis alikaa juu yake, akaachia breki, akakanyaga kanyagio la mwendo. Mashine ilisogea hatua mbili, ikazimika. Aliwasha upya. Ilisogea, ikazimika. Mara ya tano alishuka, akaipiga teke tairi.

Verlyn Fosse, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa ameshuhudia mara zote tano akijifanya anamwagilia nyanya. Alivuka sasa, akipangusa mikono kwenye suruali.

"Si mashine, jirani. Ni kile kidude chini ya kiti. Mtu akiinuka kinakata moto, ili visu visimle mtu. Wewe huna uzito. Chomoa ule waya, unganisha huku na huku, basi. Kila mtu anafanya hivyo."

"Nani kila mtu?"

"Mimi."

"Ndiyo maana una vidole tisa," Ardis alisema.

Verlyn alicheka mpaka akashika kiuno. Fimbo ya Orrin, hata hivyo, ilikuwa haichezi. Ilikuwa inaelekeza miguu ya mkewe, kisha kiti, kisha tena miguu. Ardis alipanda, akakanyaga, na safari hii akajitazama. Ili kanyagio lifike chini, alilazimika kuteleza hadi ukingoni mwa kiti, na makalio yake yakainuka. Kiti kilikuwa kimefungwa kwenye matundu ya nyuma kabisa. Kilikuwa kimepangiwa mtu wa futi sita.

Alikifungua, akakisogeza mbele matundu matatu, akakifunga. Mashine ikaenda hadi mwisho wa njia na kurudi, bila kukohoa.

"Haya," Verlyn alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika na kuwa ya upole, na Ardis alijua kinachokuja. "Ila nilitaka kusema, Ardis. Mimi na wenzangu wa kanisani tumezungumza. Tunaweza kuja Jumamosi asubuhi, watu wanne, mashine nne. Dakika arobaini. Tulimfanyia Milo Brekke."

"Milo amekufa."

"Alikuwa hai wakati ule."

"Mkamkatia nyasi, akafa."

"Ardis! Tunataka kusaidia tu."

"Najua, Verlyn. Mna roho nzuri, na jibu ni hapana."

Verlyn alimtazama Orrin, kana kwamba huko kulikuwa na rufani. Orrin alikuwa amefunga kitabu na kutazama pengine. Kwetu wanaume wanne wakija na mashine zao kwenye nyasi za mwenzao mgonjwa, hakuna tangazo linalohitajika kanisani. Mji mzima huelewa kwamba fulani amefikia hapo. Hufanywa kwa upendo, mke wa nyumba huleta kahawa na vipande vya keki, na kuanzia siku ile watu humtaja mtu huyo kwa sauti ya chini. Orrin mwenyewe aliwahi kwenda kwa watu sita. Alikumbuka majina yote.

*

Alhamisi ilinyesha. Ijumaa ilinyesha. Kazi iliyobaki ilikuwa kusawazisha visu, na haikuweza kusubiri jua, kwa hiyo waliifanya ndani ya gereji.

Visu viwili vimekaa chini ya sahani kubwa ya chuma iliyoning'inia tumboni mwa mashine. Sahani hiyo isipolala sawa kulia na kushoto, nyasi hukatwa ngazi ngazi, na kila mpita njia huona. Ardis alilala chali juu ya boksi lililopasuliwa, akageuza kisu mpaka ncha zake zikatazama kulia na kushoto, akapima kutoka ncha hadi sakafuni. Orrin, akiwa kitini, alishikilia mwisho wa utepe wa kupimia kwa mkono wa kushoto. Upande wa kushoto ulikuwa juu kwa nusu inchi. Ardis alizungusha nati, akapima, akazungusha tena. Halafu akashughulikia mbele na nyuma, kwa maana mbele inatakiwa kuwa chini kwa robo inchi.

Alitoka chini ya mashine na grisi shavuni. "Kulia inchi tatu. Kushoto inchi tatu. Sema kitu, mzee wangu."

"Safi," Orrin alisema, na neno hilo lilitoka lote kwa mara moja.

*

Jumamosi jua lilichomoza kali. Umande ulichelewa kukauka, na ilikuwa saa tatu na nusu Ardis alipowasha. Alikuwa bado hajatoka kwenye njia ya gari aliposikia injini nyingine zikija barabarani. Mashine nne ziliongozana kama maandamano. Verlyn alikuwa mbele, kofia mpya kichwani.

Ardis aliendesha hadi kwenye mlango wa njia, akaigeuza mashine yake ikakinga lango lote, akavuta breki.

"Habari za asubuhi," alisema. "Geuzeni."

"Ardis, Kurt anakuja saa sita. Nimeongea naye," Verlyn alisema. "Tunajua habari ya fomu. Hatutaki mwondoke! Tunataka mshinde. Sisi tunakata, wewe unakaa hapo juu, nani atajua?"

"Kwenye mji wa watu mia tisa, unauliza nani atajua?"

Mmoja wa wale watatu aliguna. Mwingine, mzee aliyekuwa akipokea sadaka kanisani, alivua kofia. "Dada Ardis, kukataa msaada nako ni kiburi."

"Ni kiburi, ndiyo. Kiharusi hakikukifikia." Alielekeza barazani bila kugeuka. "Yule bwana yuko hai. Mkivuka hapa, mtakuwa mmemzika, na mimi sijaagiza maua. Zimeni mashine, kaeni kivulini, mtazame. Kutazama mmeruhusiwa. Hilo mnaliweza vizuri tangu Mei."

Injini zilizimwa moja moja. Wanaume wanne walibaki wameketi juu ya mashine zao kando ya barabara, mikono juu ya usukani.

Ardis aliinua visu hadi kiwango cha juu kabisa, akavuta kitufe cha njano, na visu vikaanza kuvuma. Alikata mstari mmoja hadi kwenye uzio, akageuka, akarudi na wa pili. Kisha alitazama nyuma.

Palikuwa na ngazi. Kila mstari ulikuwa umekatwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, kama nywele zilizonyolewa na mtu aliyekasirika. Aliendelea na mstari wa tatu akiomba Mungu. Wa tatu ulikuwa mbaya zaidi.

"Sahani imelala upande," mmoja wa wanaume alisema, si kwa sauti kubwa, ila ya kutosha.

"Nimeona," Ardis alisema. Uso wake uliwaka. Alizima visu. "Nilipima. Kulia tatu, kushoto tatu."

Orrin alisimama barazani. Aliteremka ngazi tatu, moja baada ya nyingine, mguu mzima kwanza, na hakuna aliyethubutu kumkimbilia. Kutoka barazani hadi kwenye mashine ni hatua thelathini za mtu mzima wa afya. Zilimchukua muda mrefu, na wale wanaume kando ya barabara walizihesabu. Alifika, akaegemea boneti, akainua fimbo. Haikuelekeza mashine. Ilielekeza gereji.

"Sakafu," alisema.

Ardis alielewa pale pale, akafunika mdomo kwa mkono. Sakafu ya gereji yao, kama ya kila gereji katika mji ule, imeinamishwa kuelekea tundu la maji katikati, ili theluji inayoyeyuka chini ya gari ipate pa kwenda. Mashine ilikuwa imesimama ubavu mmoja juu ya mteremko huo. Walipima visu kwa kutumia ardhi iliyopinda, na ardhi iliyopinda iliwajibu kwa uaminifu.

Orrin aligeuka, akawatazama wale wanaume wanne mmoja mmoja. Shingo yake ilikuwa imejaa mishipa.

"Kosa... langu," alisema. "Nilijua. Nimesahau... mimi."

Kwa mtu ambaye wote wanne walikuwa wamewahi kumletea mashine zao azirekebishe, maneno hayo yalikuwa mazito kuliko fimbo na hatua thelathini. Verlyn alitazama viatu vyake.

"Tumesahau," Ardis alisema. "Nani alikuwa chini ya mashine, wewe au mimi? Verlyn! Ile saruji mpya mliyomwaga mwaka jana imenyooka?"

"Kama meza."

"Saruji yako naazima. Mikono yenu bakini nayo."

Aliendesha mashine hadi ng'ambo ya barabara, Orrin akimfuata kwa mwendo wake. Saa nne na dakika hamsini alikuwa tena chali, safari hii bila boksi, mgongo juu ya saruji yenye joto. Alipima: nusu inchi nzima ya tofauti, ile ile waliyoiondoa Ijumaa kwa bidii. Alizungusha nati. Ilipofika ya mwisho, ile ya kufungia, Orrin alinyoosha mkono wa kushoto.

"Nipe."

Ardis alimpa spana. Mkono wa kushoto haukuzoea. Spana iliteleza, ikadondoka, ikaokotwa. Iliteleza tena. Mzee wa sadaka alianza kunyanyuka kutoka kwenye kiti chake, na Ardis, akiwa bado amelala chini, alimtazama tu. Mzee alikaa. Dakika nne zilipita kwa nati moja. Ilipokaza, Orrin aliigonga kwa spana kuijaribu, akarudisha spana kwa mkewe.

"Sasa... kata."

*

Alikata kwa nusu upana, polepole, kwa maana nyasi ndefu huziba tundu la kutolea mabaki. Ziliziba mara mbili. Mara mbili alizima injini, akatoa ufunguo, akazikwangua kwa ufito. Mara ya pili Verlyn alipaza sauti kutoka barabarani, "Shusha mwendo, zidisha moto wa injini!" na Ardis akapaza sauti kujibu, "Nyamaza, Verlyn!" kisha akashusha mwendo na kuzidisha moto, na ikasaidia. Mistari ilianza kulala sawa, mmoja kando ya mwingine. Orrin alikuwa amesimama ukingoni, akikataa kiti kilicholetwa na mke wa Verlyn.

Kurt alifika dakika kumi kabla ya saa sita. Barabara ilikuwa imejaa mashine nne na watu ambao idadi yao sasa ilizidi kumi, kwa hiyo alipandisha magurudumu pembeni, akasimamisha gari juu ya nyasi za kona. Alishuka na fomu mkononi.

"Nani amekata?" aliuliza.

"Yeye," Verlyn alisema. "Sisi tulifukuzwa."

Kurt alitembea kando ya mistari. Aliiona ile mitatu ya kwanza, yenye ngazi. "Hapa pamepinda."

"Pamepinda," Orrin alikubali.

"Baba, sisemi kwamba... Vizuri. Amejitahidi, naona. Lakini hizi ni nyasi tu. Desemba je? Theluji je? Nani ataisukuma?"

Ardis alikuwa amefika karibu. Alikuwa amesikia neno theluji hata juu ya injini. "Theluji nayo ina mashine yake!" alipaza sauti. "Inauzwa dukani pale pale! Inakuja kwenye kreti!"

Barabarani mtu alipiga mluzi. Kurt hakucheka. Alifungua mdomo, na wakati huo king'ora cha zimamoto, kinacholizwa Elvestad kila siku saa sita mchana, kilianza kupanda juu ya mapaa, kikazima kila neno kwa muda mrefu. Watu wote walisimama walipokuwa. Ardis peke yake hakusimama. Alikata hadi mwisho wa mstari wake, akageuka.

King'ora kiliposhuka, Kurt alitazama saa yake, kisha akatazama uwanja wote, kuanzia barazani hadi kwenye uzio, kuanzia uzio hadi barabarani.

"Saa sita imepita, Mama," alisema taratibu. "Na kipande kimoja bado. Hapo pembeni."

"Kipi?"

"Kile cha kona. Chini ya..." Aligeuka kulitazama gari lake.

Ardis aliendesha moja kwa moja kumwelekea, akasimama hatua tatu kutoka magotini kwake, visu vikivuma. Alikuwa na grisi shavuni, mbegu za nyasi kwenye nywele, na mgongo uliopakwa vumbi la saruji ya Verlyn.

"Kurt," alisema, "ondoa gari lako juu ya nyasi zangu."

Kurt aliitazama fomu mkononi mwake. Alimtazama baba yake, na Orrin akamtazama bila kupepesa. Kisha aliikunja karatasi mara nne, akaanza kutafuta funguo.